Kazi Nzito ya Kutofungua Sanduku

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana humu ndani kuna watu wengine wenye mambo ya kushangaza na unaweza kumnyooshea kidole asiyehusika.

Jina langu Obiero, dereva wa pikapu ya Mama Batuli hapa Kisii mjini. Kabla ya pikapu nilikuwa na hoteli ya chai na maandazi, ikafa. Nikauza viatu vya mitumba Daraja Mbili. Mvua ikaja ikavichukua, kimoja kimoja, bila kuulizia bei. Nikafuga kuku wa mayai. Hao kuku sitaki tuwazungumzie. Kwa hiyo ukiniona nacheka ovyo, usidhani sijui kulia. Nilishalia zamu yangu ikaisha.

Mama Batuli anauza vinyago vya jiwe la sabuni. Babu zake walifika mji huu na mizigo ya nguo, na ukoo mzima haujawahi kuacha kuuza kitu. Kazi yangu ni kwenda Tabaka, kuchukua vinyago kwa wachongaji vikiwa bado na vumbi jeupe, na kuvileta mjini pole pole, kama nimebeba mayai. Nikifika, vinaingia chumba cha nyuma. Humo hukaa watu wawili ambao nawastahi kuliko wote ninaowajua, na mmoja wao ni mke wangu.

Mke wangu anaitwa Nereah. Yeye hupaka vinyago rangi, rangi ikikauka anaikwangua kwa msumari mwembamba mpaka michoro myeupe inatokea: maua, mistari, magamba ya samaki. Wa pili ni Hafiz, mtoto wa kaka yake Mama Batuli, kijana mrefu, mpole, mwenye ndevu chache anazozitunza kama bustani. Hafiz ndiye anayefunga mizigo.

Nikuambie kuhusu kufunga mizigo. Twiga wa jiwe ni mnyama asiyependa safari. Shingo yake ikiguswa vibaya hapa, inafika Nairobi ikiwa vipande. Hafiz humzungushia maganda makavu ya mgomba, halafu magazeti, halafu anamlaza kwenye maranda ya mbao akimbembeleza hivi na hivi, kama mama wa kule Manga anavyomfunika mtoto asubuhi ya ukungu. Katika miaka yote niliyomjua, hakuna mteja aliyepiga simu kusema amepokea shingo peke yake. Wafungaji wengine mjini humu wana jina la "wauaji wa twiga." Hafiz hana mpinzani.

Tatizo lake lilikuwa linaanza sanduku likishafungwa.

"Mzee," aliwahi kunieleza, "nikishapiga msumari wa mwisho, wazo linaingia. Linaniambia sikio la twiga limevunjika humo ndani. Limekuwa na ncha kali. Mtoto wa mwenye kununua atafungua sanduku, atakanyaga, atatoka damu mpaka afe. Na aliyemuua ni mimi."

"Hafiz, sikio la twiga limekuwa panga?"

"Najua ni upuuzi. Najua kuliko wewe. Lakini kujua hakunisaidii."

Basi anafungua. Anakuta sikio liko mahali pake, linamsikiliza. Moyo unatulia, muda wa kuwasha kiberiti tu. Anafunga. Akishafunga tu: je, wakati anaangalia, hakuligonga? Anafungua tena. Nimemwona akishinda na sanduku moja mpaka mbao zikachoka kupokea misumari.

Zamani shangazi yake alimsifu. Aliwaambia wateja, "Mtoto wangu ana bidii, hafungi kitu mara moja." Hata msikitini ilikuwa hivyo hivyo, watu walimwona akirudia udhu wakasema huyu ni mcha Mungu wa kweli, mpaka ustadhi mwenyewe alipomvuta kando. Akamwambia: "Hii inaitwa waswasi, mwanangu. Ukishaosha, umeosha. Nenda ukaswali na shaka yako begani, usiisubiri ishuke." Hafiz alisema hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyomfanya ahisi kuna mtu amewahi kuingia ndani ya kichwa chake na kuangalia samani.

Sasa Nereah. Mke wangu huzing'oa nywele zake. Alianza akiwa msichana wa shule kule Oyugis, utosini, moja moja, na mpaka leo hufunga kitambaa kichwani siku zote, jua lisijue habari zake. Mimi na yeye tunataniana. Nikimwambia kwamba kinyozi wetu atafunga duka kwa sababu yake, ananitazama upara wangu na kusema, "Afadhali zangu nimezifukuza mimi. Zako zimehama zenyewe."

Nilimuuliza kama ni woga, kama wa Hafiz. 

"Si woga, Baba Valarie." Ananiita hivyo kwa ajili ya binti yetu. "Woga ningeuelewa. Hii ni kama nywele moja imesimama tofauti na wenzake na inaniita kwa jina. Kidole kinaenda. Mara nyingine hata sijui kimeenda. Niko naangalia sufuria, nashtukia nywele iko kwenye meza. Kabla sijaing'oa najihisi nimejaa kama puto. Ikitoka, utamu unapita hapa." Akajigusa shingoni. "Halafu aibu inaingia, inakaa kuliko utamu."

Ni Nereah aliyejipeleka kliniki ya afya ya akili, peke yake, kwa nauli yake, bila kuniambia mpaka aliporudi. Hapo ndipo nilipojua nimeoa mtu jasiri. Na akishafanya jambo, hapendi kulifanya peke yake. Mwezi uliofuata alikuwa amemshika Hafiz mkono na kumpeleka pia.

Nilidhani watarudi na dawa moja. Hapana. Kila mmoja alirudi na yake. Nereah alifundishwa kujua mkono wake unapanda saa gani, akiwa amechoka, akiwa anasubiri kitu, na kuupa kazi nyingine kabla haujafika kichwani: kukunja ngumi, kusuka kamba, kushika kitu. Nilimletea kijiwe kutoka Tabaka, kidogo kama yai la kwale, ambacho wanawake wa huko walikuwa wamekisugua msasa ndani ya maji mpaka kikawa laini kama shavu. Alikiweka mfukoni mwa aproni. Mkono ukianza safari ya kupanda, unakutana na kijiwe njiani.

Hafiz aliambiwa kitu kingine kabisa. Yeye afunge sanduku na asilifungue. Basi. Hofu itapanda, na aiache ipande. Asipapase mbao, asilitikise kusikiliza, asimuulize mtu kama vinyago viko sawa. Na mtu yeyote asimwambie viko sawa.

"Asimwambie kwa nini?" nilimuuliza Nereah. "Si ndiyo atatulia?"

"Atatulia leo. Kesho atakuuliza tena, na keshokutwa. Utakuwa wewe ndiwe sanduku analofungua."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mzigo mkubwa: twiga wawili waliochongwa kutoka jiwe moja, shingo zimezungukana kama wanasengenya watu. Wachongaji wa Tabaka walikaa nalo muda mrefu. Nereah alikwangua madoa ya ngozi yao mpaka macho yakamtoka machozi. Mwenye kuwanunua alikuwa ameshasubiri mara mbili, na mara zote mbili lori lilikuwa limeondoka bila twiga wake kwa sababu sanduku lilikuwa wazi.

Asubuhi hiyo Mama Batuli aliingia chumba cha nyuma akakaa juu ya gunia la maranda. Mama huyo si mkali. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka anasema maneno yaliyonyooka.

"Hafiz, baba yangu," alisema. "Lori la Bosire linaondoka kabla ya adhuhuri. Kama twiga hawa wako ndani yake, wewe ni mfungaji wangu. Kama hawamo, ami yako Aden ana duka la rejareja kule Itumbe. Utawapimia wachumaji wa majani chai sukari na mafuta. Huko hakuna sanduku la kukutesa."

"Sawa, shangazi."

"Sikufukuzi. Nakupumzisha."

"Nimeelewa, shangazi."

Alipotoka, Hafiz alitazama mikono yake. "Nikiwa na jiwe mkononi," alituambia, "najua nimeumbwa kwa ajili ya nini. Nikipimia watu sukari, nitakuwa mtu tu aliyesimama dukani."

"Basi tufunge," Nereah akasema.

Akafunga. Sitaeleza tena mambo ya maganda ya mgomba, ila alifunga kama msomaji mzuri anavyosoma Kurani: hakuna pahali alipokimbia. Akapiga misumari. Akazungusha kamba, akaivuta, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nereah akakaa karibu naye. Mimi niliegemea mlango, nasubiri kubeba mzigo kuupeleka kituo cha malori.

Hofu ilianza kupanda. Ungeiona. Kijana alilowa jasho kwenye paji la uso, akawa anameza mate yasiyokuwepo.

Hapo ndipo wageni walipoingia dukani mbele, na Mama Batuli akaita, "Nereah! Njoo uwaeleze hawa michoro, mimi wananichanganya!"

Nereah aliinuka. Akanijia karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini: "Baba Valarie, narudi sasa hivi. Usimwambie chochote. Usimtulize. Usimchekeshe. Wewe kaa tu."

"Kukaa tu? Hiyo nayo ni kazi?"

"Kaa tu."

Nikakaa. Naapa nilikaa. Nilitazama dari, nikatazama kalenda ya mwaka uliopita, nikamtazama Hafiz. Na Hafiz alikuwa anateseka mbele yangu, kijana wa watu, mikono imebana ubavuni kama ametiwa pingu. Mimi nina moyo wa nyama. Nikamwona hivyo, nikasema si vibaya nikitupa utani mmoja mdogo.

"Hafiz, hao twiga wametulia humo ndani. Wewe ndiye unayetembea."

Alicheka nusu. Nusu nyingine ikageuka swali. "Mzee, uliniona nikiweka maranda chini ya masikio?"

Sasa hapo, mtu mwenye akili angenyamaza.

"Niliona!" nikasema. "Umeweka tele!"

"Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na wa nyuma?"

Huyo wa nyuma, kusema kweli, sikuwa nimemwangalia. Nikasita. Kidogo tu, lakini Hafiz alikiona hicho kidogo, macho yakamtoka, na mimi nikashtuka. Nikafikiria, dawa! Mke wangu ana dawa ya mikono. Kijiwe chake kilikuwa pale mezani, amekisahau alipovua aproni. Nikakichukua nikamtia Hafiz kiganjani. "Sugua hiki. Nereah kinamtuliza. Mikono yako ikipata kazi, haitataka sanduku."

Nilijiona daktari. Hafiz alikisugua kwa adabu, upande huu, upande ule. Nikaanza kujipongeza. Halafu akasimama.

"Mzee, upande wa kulia nimeusugua zaidi."

"Zaidi ya nini?"

"Ya kushoto. Nisiposawazisha, naona kama jambo litatokea kwa wale twiga." Akasugua kushoto. "Sasa kushoto imezidi."

Kumbe kijiwe kile kwa Nereah kilikuwa mlango wa kutokea, na kwa Hafiz nilikuwa nimemjengea chumba kingine cha kufungiwa. Sikuelewa hivyo wakati ule. Wakati ule nilielewa kitu kimoja tu, kwamba huyu kijana anaumia, na tiba ya mwisho ninayo mimi, dereva wa pikapu. Nikachukua kisu, nikakata kamba, nikang'oa kifuniko kwa nyundo.

"Njoo uone kwa macho yako!" nikamwambia. "Masikio haya hapa! Mazima! Umetosheka?"

Alikuja, akaangalia. Akatosheka, ndiyo. Ule muda wa kiberiti. Halafu akanigeukia, na sura yake sitaisahau. Hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, kama ananisikitikia mimi.

"Mzee," alisema, "ulipong'oa kifuniko, nyundo haikumgonga?"

Nereah alikuta tumesimama hivyo: sanduku wazi, maranda sakafuni, mimi na nyundo. Alitazama kila kitu pole pole. Nyuma yake akatokea Mama Batuli, aliyekuwa amesikia misumari ikilia. Nje, upande wa barabara, lori la Bosire lilipiga honi ndefu.

"Basi," Mama Batuli akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote. "Nampigia Aden."

"Mama, si yeye," nikasema. "Ni mimi niliyefungua."

"Kafungua nani si hoja, Obiero. Sanduku liko wazi."

"Shangazi," Hafiz akasema, "lori halijaondoka."

Alisema hivyo tu. Hata Nereah aligeuka kumtazama, maana Hafiz si mtu wa kupishana kauli na shangazi yake. Mama Batuli akaiteremsha simu, akajifunga mtandio vizuri, akabaki mlangoni.

"Mara moja," Nereah akamwambia Hafiz. "Funga mara moja. Hatutakuambia kitu."

Akatia kijiwe mfukoni, akapiga magoti kwenye maranda. Na sasa fikiria ugumu wake: mara ya kwanza shaka yake ilikuwa ya upepo mtupu, lakini sasa nyundo ya kweli, yangu, ilikuwa imepita karibu na shingo ya kweli. Nilikuwa nimempa waswasi wake shahidi. Hata hivyo mikono ile ilifanya kazi. Ganda, gazeti, maranda. Sikio la mbele, sikio la nyuma. Haikurudia. Kifuniko, misumari, kamba. Akasimama, akarudi ukutani, akaweka mikono nyuma ya mgongo.

Halafu tukasubiri. Nereah alikuwa ameshatueleza kwamba ni lazima hofu ipande mpaka juu na ianze kushuka akiwa hapo hapo chumbani na sanduku, asiikimbie. Honi ililia tena. Hakuna aliyesogea.

Nimebeba magunia ya viazi mimi. Nimesukuma pikapu iliyokwama kwenye matope ya Nyamira nikiwa peke yangu, na nimeona wanaume wa machimbo ya Tabaka wakipandisha jiwe la ukubwa wa ng'ombe kwa mtaimbo na nyimbo. Sijaona kazi nzito kama ile niliyoiona asubuhi hiyo, ya kijana mmoja kutofungua sanduku. Mishipa ilimsimama shingoni. Meno yaligongana. Mara moja alipiga hatua kuelekea mbele, mguu ukabaki hewani, akaurudisha. Midomo ikawa inatikisika, nikadhani anahesabu au anaomba, lakini alikuwa anasema neno moja tu: "Labda. Labda. Labda."

Halafu nikamtazama mke wangu, na nikaona jambo ambalo kila mtu chumbani alilikosa. Kwa sababu alikuwa anasubiri, na kusubiri ndiko kunakomwamsha, mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kupanda. Ulipita bega. Ulifika pembeni ya kitambaa, kidole kimoja kikaingia chini ya upindo. Kijiwe chake kilikuwa bado mfukoni kwa Hafiz, kwa ujinga wangu. Nilifungua mdomo nimwonye. Hakunihitaji. Aliuona mkono wake mwenyewe, akautazama kama unavyomtazama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani, akaushusha. Akaokota kipande cha kamba niliyoikata, akaanza kukisuka, kukisokota, kukisuka, vidole vikiuma kamba mpaka vikawa vyeupe.

Kwa hiyo walikuwa wawili. Mmoja anazuia mikono isifanye kile ambacho hofu inaamuru. Mwingine anazuia mkono usifuate utamu. Ukiingia chumbani bila kuambiwa, ungeona watu wawili wamesimama kimya, hawana shughuli. Mimi nilitamani kuvua kofia, kama ningekuwa nayo.

Sijui tulikaa muda gani. Najua kwamba mabega ya Hafiz yalianza kushuka, kidogo kidogo. Akapumua.

"Imeondoka?" Mama Batuli akauliza.

"Haijaondoka, shangazi. Imekaa chini."

Akainama, akalibeba sanduku mwenyewe. Nilijaribu kusaidia, akaniambia, "Acha, mzee, leo umesaidia vya kutosha," na nikakubali, maana ilikuwa kweli. Hatukuhitaji hata pikapu. Bosire alikuwa amechoka kungoja, ameleta lori mpaka mlangoni, anatoa kichwa dirishani akifoka.

"Nyinyi watu mnalala? Mimi niko na mizigo ya Nairobi, si ya mazishi!" Akaliona sanduku, akashuka kulipokea nyuma ya lori. Bosire ni Mkisii wa Tabaka mwenyewe, mtoto wa wachongaji. Jiwe la sabuni analijua tangu tumboni. Akauliza swali analouliza kwa kila mzigo, bila ubaya wowote. "Hii ndani haiwezi vunjika njiani?"

 Nereah aliacha kusuka kamba. Swali lile ndilo waswasi wa Hafiz ulikuwa unamwuliza kila siku ya maisha yake, na sasa lilikuwa limemjia na sharubu na funguo za lori.

Hafiz alilitazama sanduku. Akamtazama Bosire.

"Inaweza," akasema. "Beba."

"Yaya, hapana, sasa hilo ni jibu gani?" Bosire akalalamika. "Inaweza, beba!" Lakini alibeba. Akalibana kati ya magunia mawili, akafunga turubai, akapanda. Lori likanguruma, likateremka barabara, likapinda kona.

Hafiz alisimama akiitazama ile kona muda mrefu baada ya lori kupotea. Hakukimbia kulifuata. Alianza kulia, halafu akaanza kucheka huku analia, na Nereah naye akamshika bega, na mimi nikajifanya naangalia tairi za pikapu.

Mama Batuli alirudi ndani. Tulipomfuata tulimkuta ameshatoa samaki wa jiwe, wale wa oda ya pili, amewapanga mezani mbele ya kiti cha Hafiz.

"Hawa ni wa Jumatatu," akasema. "Na Aden anajua kupima sukari yake mwenyewe."

Basi tukanywa chai. Nereah alipewa kijiwe chake. Ungedhani mtu kama mimi, baada ya asubuhi kama ile, angekunywa chai yake polepole na kushukuru. Lakini kila mtu alikuwa ananiangalia kwa jicho lile la "wewe na nyundo yako," na mimi nilihisi nina haki ya kujitetea.

"Kosa langu si kubwa kama mnavyolifanya," nikaanza. "Nyinyi wawili mna ugonjwa mmoja. Mikono haimsikii mwenyewe. Unajua hutaki, unafanya, ukifanya unatulia, ukitulia unaanza tena. Wewe sanduku, huyu nywele. Nimempa mgonjwa mmoja dawa ya mgonjwa mwenziwe. Hata hospitali hugawa panadol."

"Si mmoja, mzee," Hafiz akasema. "Mimi sijawahi kusikia utamu kwenye sanduku. Hata siku moja. Mama Valarie akieleza ule utamu, mimi namwonea wivu. Mimi nafungua ili kitu kibaya kisitokee, basi."

"Na mimi namwonea wivu yeye," Nereah akasema. "Yake angalau ina sababu, hata kama ni ya uwongo. Yangu haina hata uwongo wa kunipa. Daktari alisema ni kama ukoo mmoja, maboma mawili. Kuna watu wana zote mbili. Wataalamu wenyewe walibishana miaka mingi wajue mpaka uko wapi."

"Si ndiyo hapo!" Nikapiga meza. "Ukoo mmoja! Kwa hiyo dawa ya boma hili inanyweka boma lile!"

"Obiero," Mama Batuli akasema, "kaka yangu Aden na mimi ni tumbo moja. Yeye akila karanga anavimba macho. Nimpe karanga kwa sababu mimi nazipenda?"

"Mama, karanga ni chakula, hatuongelei chakula. Tunaongelea mikono." Nilikuwa nimeshapanda, siwezi kushuka. "Mimi nasema tabia ni tabia. Mtu anafanya jambo alilokatazwa, anajua amekatazwa, anaona madhara yake, na bado anafanya. Woga, utamu, hayo ni mapambo tu. Huo ni ugonjwa mmoja, na mwenye kuubishia anipe mfano wa mtu anayefanya hivyo bila kuwa na huo ugonjwa. Mmoja tu! Nani?"

Hafiz aliangalia chai yake. Mama Batuli alijifunika mdomo kwa mtandio. Nereah aliweka kikombe chini taratibu, akanigeukia.

"Baba Valarie, Hafiz hufungua sanduku kwa sababu anaogopa, na mimi hung'oa nywele kwa sababu zinaniita. Wewe leo tulikuomba unyamaze kidogo tu ukashindwa, na hukuwa na hofu, na hakuna aliyekuita. Sasa wako tuupeleke kliniki gani?"